Silaha ya Nywele

Ukibahatika kuokota mwiba wa nungunungu, chagua ule wa mgongoni, mfupi na mnene, ukae nao kivulini uutazame bila haraka. Kwa macho unaonekana mzito. Ukiuweka kiganjani hausikii uzito. Pete zake nyeusi na nyeupe zimepokezana kutoka mwanzo hadi mwisho, nyingine pana, nyingine finyu. Katikati umejaa, halafu unapungua taratibu kuelekea pande zote mbili. Upande wa nje unaishia kwenye ncha ambayo sikushauri uijaribu kwa kidole. Upande wa ndani, ule uliokuwa umezama katika ngozi, unabanwa ghafla na kuwa kishingo chembamba. Kishingo hicho ndicho siri ya nusu ya kazi: hapo ndipo mwiba unapoachana na mwenyewe mara tu unapokwisha kumwingia adui, na mwenyewe akaendelea na safari zake.

Kitu hicho chote ni unywele. Umeota kutoka kwenye kinyweleo cha ngozi namna ileile unavyoota wa kichwani kwako, na umejengwa kwa keratini, malighafi ileile ya kucha zetu, kwato za mbuzi na pembe ya kifaru. Hata pete za rangi zina maelezo ya kawaida kabisa: mwiba unapokuwa ukikua, kinyweleo hutia rangi kwa muda, kikaacha, kikatia tena. Ndiyo maana mimi humhesabu nungunungu miongoni mwa mafundi wakubwa. Kobe amejengewa nyumba ya mfupa na kifaru ana ngozi nene. Huyu alipewa nywele tu, akaambiwa ajitetee nazo mbele ya simba.

Ufundi wenyewe unaonekana ukiukata mwiba kwa wembe, mkato wa kulala. Ni kama bua la mtama: nje gamba jembamba na gumu, ndani nyama nyepesi iliyojaa hewa. Bua likiwa tupu ndani hupondeka likipindwa kidogo, na likiwa gumu tupu huwa zito bure; lenye gamba na nyama nyepesi husimama dhidi ya upepo. Mwiba wa nungunungu wa Afrika unaongeza jambo moja zaidi: kutoka kwenye gamba zimeingia kuta nyembamba kuelekea katikati, zikapita ndani ya ile nyama nyepesi, kuzuia gamba lisibonyee. Wahandisi wamelichungulia jambo hili kwa hadubini na mashine za kubana. Mwaka 1986 Vincent na Owers walichapisha uchunguzi wao juu ya umbo la miiba ya kalunguyeye na ya nungunungu, na wengine wakafuata, wakitafuta jibu la swali ambalo kila mjenzi wa nguzo analijua: utafanyaje kitu chembamba kisijikunje kinaposukumwa kwa ncha? Jibu hilo nungunungu anatembea nalo mgongoni kila usiku.

Tumjue mwenye silaha. Huyu ni mgugunaji, wa ukoo mmoja na panya na kindi, na ndiye mgugunaji mkubwa kuliko wote barani Afrika. Mkubwa wake hupita kilo 20, na kichwa na kiwiliwili hukaribia sentimita 80. Hapa kwetu wapo wa aina mbili wanaofanana mno. Yule wa kaskazini, aliyepewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758, ameenea kutoka Afrika Kaskazini hadi Tanzania, na hata Italia yupo. Yule wa kusini ameenea kutoka Kenya na Tanzania hadi rasi ya Afrika Kusini. Ukimtazama kiunoni utaona mstari wa miiba mifupi myeupe uliokata katikati, na huo ndio humtambulisha. Huyu wa pili alielezwa mwaka 1852 na Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekuwa amekusanya wanyama Msumbiji, na miongoni mwa mahali alikompatia ni pwani ya Kirimba. Kwa hiyo mnyama ambaye jina lake la kisayansi linasema ni wa kusini mwa Afrika aliingia vitabuni kwa njia ya pwani ambako watu husema Kimwani, lugha ya jirani kabisa na Kiswahili. Misitu ya Kongo nayo ina jamaa yao mdogo, mwenye kishungi cha nywele ngumu mkiani, wa kilo tatu hivi, anayeuzwa sana masokoni kama nyama ya porini.

Watu husema "miiba ya nungunungu" kana kwamba yote ni mamoja. La. Tangu utosini hadi shingoni na mabegani kuna shungi la singa ndefu, nyeupe na za kijivu, zinazolala nyuma akiwa ametulia na kusimama akiudhika. Hizo hazichomi mtu. Kutoka mgongoni hadi ubavuni kuna miiba mirefu na myembamba, mingine hufika sentimita 50, inayopindika ukiigusa. Nayo hiyo si ya kuchoma. Kazi yake ni kumkuza. Ikisimama yote, mnyama wa ukubwa wa mbwa wa wastani anakuwa maradufu, na katika giza adui hajui mwili unaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Silaha hasa imefichwa chini ya pazia hilo: miiba mifupi, minene, migumu, iliyosongamana kiunoni na sehemu ya nyuma. Adui anayetishwa na mirefu hajaiona bado ile itakayomuumiza.

Halafu kuna ya mkiani, ambayo mimi naiona ndiyo kilele cha kazi yote. Mkia wenyewe ni mfupi na umefichika, lakini mwishoni mwake umeota fungu la miiba ya namna ya peke yake. Kila mmoja huanza ukiwa umefungwa pande zote. Ukikomaa, ncha yake hukatika na kubaki kikopo kitupu, kirefu kama sentimita tano, kilicho wazi mdomoni na kushikwa na kijiti chembamba kinachotikisika. Nungunungu akiutingisha mkia, vikopo hivyo hugongana, na kwa kuwa ni vitupu sauti yake hukua. Ni mchakacho mkavu wa ghafla, unaosikika mbali usiku, na aliyeusikia mara moja hausahau. Nywele zimegeuzwa ala ya muziki, tena kwa kuvunjwa ncha tu.

Zana nyingi si kitu bila utaratibu wa kuzitumia, na nungunungu ana utaratibu. Akinusa hatari, kwanza husimama kimya. Ikisogea, miiba yote huinuka kwa mkupuo: kila mmoja una misuli midogo kwenye shina lake, na chini ya ngozi kuna tandiko la misuli linalovuta yote pamoja. Ni misuli ya jamii ileile inayokusimamishia vinyweleo ukisikia baridi. Kisha huutingisha mkia. Kisha hupiga chini kwa miguu ya nyuma, huguna, hupuliza. Rangi nyeusi na nyeupe zinafanya kazi ileile inayofanywa na mistari ya kicheche: zinasomeka hata kwenye mwanga hafifu wa nyota, na zinasema ondoka. Hadi hapo hakuna aliyeumia, na mara nyingi mambo huishia hapo. Adui akikaidi ndipo nungunungu anapofanya lile ambalo wengi hawalitarajii: hugeuka, humpa kisogo, na kumvamia kinyumenyume au kiubavu, kwa kasi, ile miiba mifupi ikitangulia. Kichwa, ambacho hakina kinga, kinabaki upande wa mbali.

Chui wazoefu humzunguka wakitafuta hicho kichwa. Simba, hasa madume vijana waliofukuzwa na baba zao na wenye njaa, hujaribu kwa pupa na kulipa. Mwaka 2019 watafiti wakiwemo Julian Kerbis Peterhans na Thomas Gnoske, ambao ni wataalamu wa mifupa ya simba, walichapisha katika jarida la historia asilia la Afrika Mashariki mkusanyo wa visa vya simba na nungunungu, vya zamani na vya sasa. Kimojawapo kimetoka Darajani, kwenye njia ya reli kati ya Nairobi na Mombasa, ambako mwaka 1965 aliuawa simba dume kijana aliyekuwa akila watu. Walipomkagua walikuta mwiba wa nungunungu umezama puani, wenye urefu wa sentimita 23 hivi. Mnyama mwenye donda la namna hiyo hawezi kumkaba pundamilia wala nyati. Hushuka kwa mawindo mepesi, na katika nchi ile mawindo mepesi ni ng'ombe na mwenye ng'ombe. Nimekisoma kisa hicho mara kadhaa na kila mara hunisimamisha kwenye jambo moja: unywele mmoja uliobadilisha mwenendo wa simba hadi vijiji vikaingia katika hesabu.

Chatu naye amewahi kujaribu. Mwezi Juni 2015, katika hifadhi ya Lake Eland huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, alionekana chatu wa karibu mita nne akiwa na tumbo lililotuna kupita kiasi. Siku chache baadaye alikutwa amekufa chini ya mwamba. Alipopasuliwa alikutwa na nungunungu mzima wa kilo 13.8.

Je, hurusha miiba? Utaambiwa hivyo kuanzia Bagamoyo hadi Bukoba, na usidhani ni mazungumzo ya vijiweni peke yake. Aristotle aliandika hivyo, Pliny wa Roma akarudia, na mwaka 1394 mtoto wa mfalme wa Ufaransa, Louis wa Orléans, alianzisha jumuiya ya mashujaa iliyobeba jina la nungunungu, kwa sababu mnyama huyu alisadikiwa kupiga adui wa karibu na wa mbali. Harushi. Hana msuli wa kurushia. Ila miiba iliyokomaa imekaa kilegelege, na akijitikisa kwa hasira mmoja au miwili hudondoka na pengine kuruka kidogo. Na kwa kuwa hushambulia kinyumenyume gizani, mbwa hurudi nyumbani amechomwa bila mwenye mbwa kuona kilichotokea. Mtu mkweli anaweza kushuhudia yote hayo na bado akatoa hitimisho lisilo sahihi. Miiba iliyodondoka huota tena.

Marekani kuna nungunungu pia, lakini huyo ni wa ukoo mwingine, mpanda miti, na silaha yake ameipata kwa njia yake mwenyewe, mbali na huyu wetu. Miiba yake ni mifupi, anayo kama 30,000, na kwenye ncha ina vikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2012 kundi la Jeffrey Karp la Boston lilionyesha kwamba vikulabu hivyo hufanya kazi mbili zinazopingana: huufanya mwiba uingie nyamani kwa nguvu ndogo zaidi, kisha hufanya kuutoa kuwe kugumu zaidi, wakaanza kufikiria sindano na viunganishi vya vidonda vya hospitali. Wa kwetu hana vikulabu. Ncha ni laini, na unene wa mwiba pamoja na uzito wa mnyama nyuma yake vinatosha. Nikiulizwa ni upi ufundi mkubwa zaidi, nitamchagua huyu asiyehitaji ujanja wa ncha, ingawa nakiri hapo napendelea wa nyumbani.

Mbali na miiba, meno yake yanastahili kikao. Anayo 20 tu. Ya mbele manne, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua maisha yote, na upande wa mbele yamepakwa enameli ngumu huku upande wa nyuma ukiwa laini zaidi. Kwa hiyo kila anapoguguna, nyuma hulika upesi kuliko mbele, na makali hujinoa yenyewe. Lakini jino linalokua bila kukoma lazima lipunguzwe bila kukoma. Ndipo nungunungu anapookota mifupa. Huipenda iliyokauka juani, isiyo na mafuta wala nyama, huibeba kwa kinywa hadi shimoni, huishika kwa miguu ya mbele, na kuiguguna taratibu. Katika mifupa hiyo hupata pia fosforasi na kalisi ambazo mizizi haimpi ya kutosha. Alama anazoacha ni mifereji mipana, sambamba, iliyopangana kando kwa kando kuzunguka ukingo wa mfupa, safi kiasi kwamba asiyejua atadhani ni kazi ya patasi.

Na wapo waliohitaji kujua. Mapango yenye mabaki ya kale ya binadamu yamejaa mifupa, na swali la kwanza ni nani aliyeikusanya: watu, fisi, chui, au nungunungu? C. K. Brain, mtafiti wa Afrika Kusini aliyechimba pango la Swartkrans, alikwenda hadi Nossob katika Kalahari kuchambua mifupa iliyorundikwa na nungunungu kwenye makao yao, ili apate kipimo cha kulinganisha. Kitabu chake cha mwaka 1981 kilifundisha wachimbaji wa mambo ya kale kumheshimu mgugunaji huyu kama mkusanyaji wa makumbusho ya zamani sana.

Kazi yake ya kila siku, yaani kila usiku, ni kutafuta chakula, na kwa hiyo pua ndiyo jicho lake. Fuvu lake limevimba juu kwa sababu ya nafasi kubwa ya pua iliyomo. Hutembea kwa unyayo mzima, kwa hatua za kukokota, miiba ikisuguana, akinusa ardhi. Akipata harufu ya kiazi pori au kitunguu pori kilicholala chini, huchimba kwa kucha za mbele mpaka akifikie. Anaweza kutembea kilomita 15 kwa usiku mmoja na kurudi palepale alipotoka kabla ya alfajiri. Mbalamwezi haimpendezi. Katika jangwa la Negev, ambako watafiti walifuatilia ndugu yake wa Kiasia, ilionekana kuwa usiku wa mwezi mkubwa hupunguza matembezi ya uwandani. Hukohuko wakaona jambo lingine: vile vishimo anavyoacha hukusanya maji ya mvua, mbegu na takataka za majani, na mimea huota humo kwa wingi na kwa aina nyingi kuliko pembeni. Naye mara nyingi huacha sehemu ya kiazi ardhini, ikachipua upya.

Mwenye shamba la mihogo hawezi kufarijika kwa habari za Negev. Nungunungu akiingia usiku mmoja, hung'oa mihogo, hufukua viazi vitamu na karanga, hukata mabua ya mahindi chini ili afikie gunzi, hutoboa maboga. Anakula robo na kuharibu iliyobaki. Anarudi kesho kwa njia ileile, maana ni mnyama wa njia, na hapo ndipo mkulima hutega tanzi. Sina maneno ya kumlaumu mkulima huyo. Nasema tu kwamba uzio wa chini uliofukiwa, na mbwa wa kubweka, humgeuza njia. Akiona pagumu hupitia kwingine.

Mchana hulala chini. Akipata shimo la muhanga hulirithi na kulipanua, na mapango yake yamepimwa hadi mita 20 za urefu, na chumba ndani. Humo huishi jozi moja, dume na jike wasioachana, pamoja na watoto wao. Kuhusu swali ambalo kila mtu huuliza akicheka, la namna wanavyopandana, jibu ni kwamba jike hulaza miiba yake na kuinua mkia, na dume hungoja ruhusa; hakuna lililo la ajabu zaidi ya hilo. Mimba huchukua miezi mitatu hadi minne kasorobo kutegemea aina. Huzaliwa mtoto mmoja au wawili, mara chache watatu, tayari wana meno na macho yamefunguka. Miiba wamezaliwa nayo, lakini ni laini na imelala, la sivyo mama asingesalimika. Ikipata hewa huanza kukauka na kukakamaa, na katika muda wa siku kadhaa inaanza kuchoma. Hubaki ndani ya pango kwa wiki kadhaa, na wakianza kutoka hutoka na mzazi, baba au mama, wakifuata nyuma yake kwenye njia za chakula. Akikwepa mitego, nungunungu anaweza kuishi miaka mingi: waliofugwa wamepita 20.

Siku hizi miiba huuzwa kwa mapambo, kwa mafungu yaliyofungwa vizuri, na Afrika Kusini biashara hiyo imewatia wasiwasi wahifadhi. Mwiba mmoja mmoja huokotwa njiani. Fungu la mia moja lenye urefu sawa halikuokotwa. Ukionyeshwa fungu kama hilo sokoni, liache hapohapo.

Na mbwa wako akirudi alfajiri na miiba usoni, usiikate kwa imani kwamba itatoa pumzi na kulegea. Ukiikata unajinyima pa kuishika, na kipande kinachobaki ndani hutunga usaha. Mzuie asijikune, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.